Hiki chuma cha babu chenye ringi ya kopa ni bomu ama ni nini?

Butere_Ndani
Wadau habari za jioni. Kuna kitu imenisumbua tangu Disemba nilipoenda nyumbani Butere. Jikoni kwa kukhu (nyanya) kuna chuma flani kama kopo nzito sana, mviringo, urefu kama thamosi ndogo hivi, chini imezibwa kabisa na juu iko wazi. Kukhu anawekanga miko na visu ndani, hiyo ndio kazi yake tangu nikiwa mtoto. Story ya nyumbani ni kwamba babu ya babangu alirudi nayo kutoka Kariokor, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwa ile vita ya Mjerumani, alichukuliwa akapelekwa Kisumu akapandishwa meli akavuka ziwa. Wazee wanasema ni ganda la bomu, mimi nikabisha, bomu si hupasuka ikawa vipande? Hii iko nzima, ni kutu tu.

Sasa safari hii nimeiangalia vizuri. Karibu na kitako kuna ringi imezunguka, nikaifuta na kitambaa ikatoa wekundu wa kopa, na hiyo kopa imechorwa mistari ya mshazari kuzunguka yote, kama nyuzi za skrubu lakini zimelala sana. Mdomoni kwa ndani kuna nyuzi za kweli, za kufunga kitu. Kitako nimepima na rula ni kama sentimita 7. Maswali ni mawili, ni bomu ama si bomu, na kwa nini mtu atengeneze chuma yote hiyo halafu aweke kakopa kadogo hapo chini?

Jakisumo_Kondele
Omera, kabla hujajibiwa chochote, usiipige grainda na usiipeleke kwa watu wa skrapu. Hapo mbele ya soko yetu kuna yadi moja, kijana alileta kitu ya mviringo amechimbua shambani, mwenye yadi akawasha gesi akate palepale. Ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi alikuwa anapita akapiga nduru mpaka mama wa samaki wakaacha beseni wakakimbia. Polisi walikuja wakaizungushia kamba wakaita wataalam wao. Yako kama iko wazi na miko imeingia miaka yote hiyo hakuna shida, lakini mtu mwingine akisoma hapa na yake imefungwa mdomo, asiiguse, apigie polisi tu.

Fundi_Leithi_Nax
Mimi vita sijui, mimi nakereza vyuma hapa Nakuru miaka kumi na nane, lakini hiyo ringi naweza kukuelezea. Umeshawahi kuona gari ringi za pistoni zimekwisha? Inatoa moshi wa bluu, kompresheni hakuna, mlima wa Mau Summit inapanda ikilia. Ni kwa sababu moto unapita kando ya pistoni badala ya kuisukuma. Mzinga ni hivyohivyo, ni pistoni ambayo haigeuki nyuma. Ukiacha nafasi kati ya kombora na mtutu moto unapita kando, nguvu inapotea, na kombora linagongagonga ndani likitoka linaenda kwake.

Sasa mbona usikereze chuma iingie sawasawa bila nafasi? Itakwama, na ikikwama na baruti imewaka nyuma yake shida ni ya wewe uliyesimama hapo. Kwa hivyo unaacha mwili wa chuma ukiwa mwembamba kidogo, halafu karibu na kitako unakata mfereji, unaweka kopa na kuikandamiza na presi ikae, na hiyo kopa unaiacha ikiwa imezidi upana wa mtutu kidogo tu. Mtutu una mifereji ndani imejipinda. Baruti ikiwaka, kopa kwa sababu ni laini inakatwa na hiyo mifereji, inajaza kila nafasi, moto haupiti, na kombora lote linalazimika kuzunguka kama pia. Chini ya kopa kwenye mfereji huwa wanachora mawimbi kwenye chuma, la sivyo kopa itazunguka peke yake na chuma ibaki imesimama.

Hiyo mistari ya mshazari uliyoona si mapambo kijana wangu. Hiyo ni alama ya mtutu. Hicho kitu kimepigwa.

Mwalimu_wa_Milimani
Fundi ameua, mimi nafundisha historia hapa Kisumu na hiyo ya pistoni naiiba niende nayo darasani.

Wacha nijibu lile swali lako la kwanza, mbona halikupasuka. Ni kwa sababu halikutengenezwa lipasuke. Inafanana kabisa na shrapneli, na siku hizi kwa habari wanaita kila kipande cha bomu shrapneli lakini zamani lilikuwa jina la kitu maalum na la mtu. Henry Shrapnel alikuwa afisa wa mizinga Uingereza, 1784 akaanza kwa pesa zake mwenyewe kujaza tufe la chuma lenye tundu na risasi za bunduki pamoja na baruti kidogo, likifika juu ya maadui lipasuke, risasi ziendelee mbele kwa mwendo uleule. Jeshi lilimkubalia 1803, mwaka uliofuata likatumika Surinam dhidi ya Waholanzi. Ubaya ni kwamba risasi na baruti vilikuwa vimechanganywa pamoja, mzinga ukipiga risasi zinasuguana na baruti ndani na mara nyingine tufe linapasukia mtutuni. Miaka ya 1850 afisa mwingine anaitwa Boxer akaweka kisahani cha chuma katikati, baruti chumba chake, risasi chumba chake. Kitu rahisi hivyo na kilichukua karibu miaka hamsini.

Mpaka inafika vita ya 1914 shrapneli ilikuwa imekuwa kama bunduki inayoruka hewani. Mwili wa chuma ngumu, baruti kidogo chini kabisa, juu yake kisahani, juu ya kisahani risasi za madini ya risasi zimejazwa, katikati kumepitishwa kabomba kadogo ka kushusha moto, na mdomoni fyuzi, yaani kile kiwashio cha kombora, imefungwa kwa nyuzi. Ndio hizo nyuzi zako. Kombora la mzinga wa kawaida wa Waingereza wakati huo, ule wa ratili 18, lilibeba risasi kama 375. Fyuzi ikifika muda wake moto unashuka, baruti inasukuma kisahani, kichwa kinang'oka, risasi zinamwagika mbele kama mahindi kwa gunia lililotoboka, na ule mwili unaanguka chini mzima, mtupu. Watu waliokota sana hayo makopo baada ya vita.

Sentimita 7 nayo inanivutia. Ule mzinga mdogo wa milimani wa ratili 10 ulikuwa na mdomo wa inchi 2.75, yaani milimita 70 hivi. Mtutu wake ulikuwa vipande viwili vya kuunganishwa kwa kufunga kama skrubu ili nyumbu wabebe (nyumbu wa mizigo, sio wale wa Mara). Na Juni 1915 meli zilitoka hapa Kisumu na jeshi na mizinga ya milimani zikaenda kupiga Bukoba, tarehe 22 na 23, kwa sababu Mjerumani alikuwa na mnara wa redio pale. Sisemi babu alikuwa kwa hiyo msafara, lakini meli na ziwa na sentimita 7 vinaelekea upande mmoja.

Mtu_wa_Kapsoya
Swali la mjinga. Nilisikia zamani utambi wa bomu uliwashwa na moto wa mzinga wenyewe. Sasa kama ringi ya fundi imeziba moto wote hakuna kinachopita, huo utambi huku mbele utawakaje?

Mwalimu_wa_Milimani
Mjinga ni nani, hilo ndilo swali lililowasumbua wenyewe.

Mwanzo kabisa kombora lenye uwazi ndani lilirushwa na vimizinga vifupi vya kurusha juu, na mpiga mzinga aliwasha mara mbili, kwanza utambi wa bomu halafu baruti ya mzinga. Fikiria baruti ya mzinga imeloa na mvua imekataa kuwaka, na bomu lenye utambi unaowaka limelala ndani. Baadaye wakagundua haina haja, kwa sababu tufe lilikuwa dogo kuliko mtutu, moto unalizunguka na kuwasha utambi wenyewe. Kwa hivyo ile nafasi ambayo fundi anailaani ilikuwa pia ndio kiberiti. Fyuzi yenyewe ilikuwa kijiti cha mbao kimetobolewa katikati kikajazwa baruti iliyoshindiliwa, ukitaka bomu lipasuke mapema unakikata kifupi, ukitaka mbali unakiacha kirefu. Na tufe lilifungwa kitako cha mbao ili lisigeuke njiani utambi ukaangalia nyuma kwenye baruti.

Kwa mfumo huohuo meli za mbao zilimalizwa. Mfaransa Paixhans miaka ya 1820 alitengeneza mizinga ya kupiga makombora ya kupasuka kwa mstari ulionyooka badala ya kurusha juu, na Novemba 1853 pale Sinop Warusi wakachoma msafara wa meli za Waturuki bandarini. Baada ya hapo kila mtu akakimbilia kuvalisha meli chuma.

Sasa ilipokuja mitutu yenye mifereji ya kujipinda ndani, William Armstrong alifunika kombora lote na risasi, yale madini laini, likaziba vizuri. Kiberiti kikapotea. Ikabidi fyuzi ijiwashe: ndani kuna kanyundo kameshikwa na waya mwembamba, mzinga ukipiga kombora linaruka ghafla, kanyundo kanabaki nyuma, kanakata waya na kugonga kidonge cha kulipuka, moto unaanza. Ni kama abiria wa matatu dereva akikanyaga mafuta bila kusema.

Fundi_Leithi_Nax
Mwalimu hapo kwa kufunika lote na risasi nimecheka. Hiyo ilibanduka tu, ama?

Mwalimu_wa_Milimani
Ilibanduka na kupaka mitutu uchafu. Wengine wakaweka vifungo vya madini laini ubavuni vinavyoteleza kwenye mifereji, Wafaransa walipigana navyo Italia 1859. Waingereza nao walirudi kwa mizinga ya kujaza mdomoni na vifungo hivyo, lakini pembeni ya vifungo nafasi imebaki, moto unapita na kula mtutu. Ni miaka ya 1870 ndio Vavasseur akaleta ringi ya kopa karibu na kitako, na hapo mambo yakatulia. Makombora ya leo bado yana mshipi hapohapo.

Jakisumo_Kondele
Na hiyo shrapneli iliishia wapi, mbona siku hizi ni milipuko tu?

Mwalimu_wa_Milimani
Mitaro. Mtu aliyesimama uwanjani anaumizwa na risasi za juu, aliyejichimbia shimo na kulifunika anakaa ndani, na hizo risasi haziwezi kubomoa kitu. Baruti nyeusi nayo haina nguvu ya kupasua ardhi. Wafaransa walianza miaka ya 1880 kujaza kilipuzi kinaitwa asidi ya pikriki, Waingereza wakaiita lidaiti kwa jina la mji mdogo wa Lydd walikoijaribu. Kali, lakini ikigusana na madini ya risasi inatengeneza chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu, kwa hivyo ilibidi ndani ya kombora papakwe vanishi. Mjerumani kuanzia 1902 akahamia TNT, hiyo inayeyuka kwa nyuzi 80 hivi, unaiyeyusha kwa mvuke unaimimina kama uji na haisumbuani na chuma. Waingereza waliingia 1914 mizinga yao ya uwanjani ikiwa na shrapneli tupu, na 1915 uhaba wa makombora ukatikisa serikali yao.

Butere, hebu mulika ndani na tochi ya simu. Kama ni shrapneli, karibu na chini utaona tundu linakuwa jembamba ghafla, kuna kangazi kamezunguka. Hapo ndipo kisahani kilikalia, na chini ya kangazi ndio ilikuwa chumba cha baruti. Usikwangue, angalia tu.

Butere_Ndani
Nimerudi. Nilimpigia binamu yangu yuko nyumbani, akatoa miko na visu akamulika. Kangazi kako! Anasema kamezunguka vizuri kama kamekerezwa, na chini yake kuna shimo dogo lenye vumbi na punje moja ya mahindi. Amenitumia picha ya ringi pia, mistari imeegemea kulia.

Nimemwambia amuulize kukhu kama tunaweza kuipeleka Kisumu mwalimu aione. Kukhu amesema mwalimu ndiye aje, na aje na kopo lingine la miko.