Kasha la kompyuta la plaiwudi: feni sita zitatosha kwa joto la Dar?

RandaNaMsumari:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla sijashika msumeno. Kasha ni la plaiwudi ya mm 12, kwa ndani upana mm 230, kimo 420, urefu 430. Litabeba mothabodi ya micro-ATX (saizi ndogo kuliko ATX ya kawaida), prosesa Ryzen 5 5600 yenye hitisinki ya mnara (kipoza joto kirefu cha chuma), kadi ya grafiki RTX 3060, na pawa saplai ya wati 550 itakayokaa chini nyuma. Chumba hakina kiyoyozi, mchana ni nyuzi 32.

Nimepanga feni 6 za mm 120: tatu mbele ziingize, mbili juu na moja nyuma zitoe. Mbele sitakata duara. Nitatoboa matundu ya mm 10 kila baada ya mm 15, yawe urembo, feni zikae nyuma yake. Je, feni zinatosha? Mbao haitatunza joto? Na vumbi?

HewaKwanza:
Mkuu, feni umezidisha, njia ya hewa ndiyo umeibana.

Anza na wati. Ryzen 5 5600 ikibanwa kwa mipangilio ya kiwandani hufika wati 76, RTX 3060 ni 170. Weka nyingine 50 za mothabodi, RAM, diski na feni zenyewe. Tufanye 300. Kanuni ya kukadiria: zidisha wati kwa 3, gawa kwa nyuzi unazokubali hewa ipande ikipita ndani ya kasha. Unapata mita za ujazo kwa saa. Ukikubali nyuzi 10, yaani iingie 32 itoke 42, unahitaji 300 × 3 ÷ 10 = 90.

Feni nzuri ya mm 120 huandikwa kwenye boksi kama mita za ujazo 90 hadi 95 kwa saa, lakini hiyo imepimwa pasipo kizuizi. Ukiiwekea wavu, kona na nyaya mbele yake, mimi huihesabu nusu. Kwa hiyo mbili za kuingiza na moja ya kutoa zinakufikisha. Pesa ya tatu zilizobaki nunua feni bora zenye pini nne, ambazo mothabodi inaweza kuzipunguza na kuziongeza kasi.

Sasa urembo wako. Matundu ya mm 10 yaliyopangwa mraba kila mm 15 yanafungua asilimia 35 tu ya ubao. Uso wa feni ya mm 120 ni sm² 144, kwa hiyo unaiachia sm² 50, wakati mapanga yake yanafagia takribani 90. Juu ya hapo kila tundu ni kibomba chenye kina cha mm 12, hewa inakwaruza kuta zake na kupiga mluzi. Ukiyabana yawe kila mm 13 kwa mpangilio wa kupishana utafika asilimia 54, ila kati ya tundu na tundu inabaki mbao ya mm 3, na plaiwudi itachanika. Kata duara zima la mm 115, kisha funika kwa wavu wa waya.

SeremalaWaVolti:
Mbao kutunza joto usiogope. Hata kwenye kasha la chuma, joto karibu lote hutoka na hewa, si kupitia kuta. Shida za mbao ni nyingine.

Kwanza, unene. Skrubu fupi zinazokuja na feni hazivuki mm 12. Feni ina unene wa mm 25, ongeza plaiwudi 12, pamoja na unene wa washa na nati: tumia bolti za M4 zenye urefu wa mm 45. Matundu ya bolti yawe umbali wa mm 105 kutoka kati hadi kati. Chora alama kwa kutumia feni yenyewe, usipime kwa rula.

Pili, ile bamba ya nyuma ya mothabodi inapotokea USB na HDMI. Imetengenezwa kwa ukuta mwembamba wa bati. Ukiifunga kwenye plaiwudi ya mm 12, plagi hazitaingia hadi mwisho na kadi ya grafiki haitakaa. Ukuta wote wa nyuma kwenye eneo hilo uwe bamba la alumini la mm 1.5. Pia liunganishe kwa waya na mwili wa pawa saplai, lisibaki linaelea bila athi.

Tatu, mtetemo. Plaiwudi huvuma kama ngoma. Kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe fremu, uweke kati ya feni na ubao. Unanyamazisha, na unaziba ule mwanya ambao hewa iliyokwisha kusukumwa hurudia kupita kuelekea nyuma ya feni. Mwanya wa mm 2 kuizunguka feni nzima si mdogo.

Usitumie MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ukiwa Dar, inavimba kwenye matundu. Vanishi pande zote, hata ndani ya duara, na iache ikauke hadi harufu iishe kabla ya kufunga vifaa.

Kilindini_PC:
Hapo kwenye feni ya tatu ya mbele nakubaliana na HewaKwanza: ya chini kabisa itapuliza nyaya na mgongo wa pawa saplai tu. Mbili za mbele zipange hivi: moja iwe sawa na kadi ya grafiki, nyingine sawa na hitisinki ya prosesa. Ya kutoa ikae nyuma, kimo kilekile cha hitisinki. Za juu ziache. Ile ya juu iliyo karibu na mbele ndiyo mbaya zaidi, kwani inaiba hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa.

Pawa saplai ipe mlango wake: feni yake iangalie chini, sakafu ikatwe mm 115, miguu ya kasha iwe na mm 25 au zaidi.

Vumbi: wavu wa mbu wa nailoni, uliovutwa kwenye fremu inayochomoka kwa sumaku. Soksi za kike zinabana mno, hewa inashuka kabla hata hazijachafuka. Huku pwani usitumie waya wa chuma cha kawaida, chumvi itaula. Osha wavu kila wiki mbili, maana uliojaa vumbi ni sawa na ukuta.

RandaNaMsumari:
Asanteni sana. Maswali mawili zaidi. Fundi mmoja ananiambia feni zote zitoe nje, hewa itajiingiza yenyewe. Na je, nikitaka uso wa mbele uwe ubao mzima bila tundu?

HewaKwanza:
Zote zikitoa, hewa itaingia, ila wewe huchagui pa kuingilia. Itapita kwenye kila ufa, bila wavu, pamoja na ile hewa ya moto iliyotoka punde kwa nyuma. Uingizaji uzidi utoaji kidogo, nyufa zitatoa badala ya kuvuta.

Ubao mzima inawezekana. Feni mbili zinahitaji sm² 180. Ubao wa urembo wenye kimo cha sm 40 ukiusogeza mbele mm 25 na kuacha pande zote mbili wazi, unapata 40 × 2.5 × 2 = sm² 200. Wengi huacha mm 8, kisha wanalaumu kadi ya grafiki.

Kilindini_PC:
Kuhakikisha, washa kijiti cha udi na ukipitishe nje ya kila mwanya huku feni zikizunguka. Moshi ukivutwa ndani pasipo wavu, ziba. Ukitoka nyuma na kuzunguka hadi mbele, sogeza kasha mbali na ukuta, sm 15 hivi. Dakika mbili zinatosha, usiache moshi uingie sana.

SeremalaWaVolti:
Kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mothabodi) kuna mtego: feni za kasha hufuata joto la prosesa, na mchezo hupasha zaidi kadi ya grafiki. Prosesa ina nyuzi 60, feni zinasinzia, kadi inachemka. Zifunge zisishuke chini ya asilimia 60, au kwenye Windows tumia programu ya FanControl zifuate joto la kadi. Tundu la feni la mothabodi kwa kawaida hubeba ampea 1, kwa hiyo feni mbili kwenye waya wa kugawa hazina tabu.

Kisha pima. Endesha mchezo mzito nusu saa ukitazama HWiNFO (programu ya kusoma joto la vifaa), andika joto la kadi na la chumba. Vua ubao wa ubavuni, subiri dakika kumi, soma tena. Tofauti ikiwa nyuzi 2 au 3, funga kazi. Ikizidi 5, kasha linakosa hewa ya kuingia: toa kwanza wavu upime, kisha ubao wa mbele upime, moja moja, ndipo ufikirie feni ya tatu.