Mrejesho: riziki ya fundi wa matarumbeta Mbeya

Ndugu zangu, niliuliza kama fundi anaweza kujipatia riziki kwa kutengeneza matarumbeta, na wengi mlinishauri nianze na usafi na vali (sehemu zinazobonyezwa kwa vidole ili kubadili sauti) kabla ya kushika nyundo. Ninawashukuru kwa dhati, kwa sababu vyombo vingi ninavyoletewa na vikundi vya makanisa ya Moravian na Kilutheri, kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu, havijavunjika: pistoni, yaani vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya vali, zimekwama kwa uchafu na mafuta yaliyoganda, nazo hulegea kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mafuta mepesi ya vali, bila msasa kabisa, maana msasa hupanua nafasi kati ya pistoni na kasha lake, na pumzi ikianza kuvuja hapo hakuna tiba rahisi. Mibonyeo ninaisukuma kutoka ndani kwa gololi za chuma zilizong'arishwa. Madoa mekundu yanayochimba bomba ni jambo zito zaidi: zinki iliyochanganywa na shaba ya bomba imekwisha kuliwa na kubaki shaba nyekundu dhaifu, hivyo ninapendelea kubadilisha kipande kizima. Kazi hujaa kabla ya Pasaka na Krismasi. Miezi mingine ninaendelea kulehemu mageti.