Filta za oili zisizo na jina: zizuiwe madukani Dodoma, au kila mtu aachiwe achague?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Hapa mjini zinauzwa filta za oili za shilingi 5,000, boksi lina picha ya gari tu, hakuna jina la mtengenezaji wala namba ya kueleweka. Msimamo wangu: zisiuzwe kabisa.

Nina Probox. Mwezi wa sita nilimwaga oili kwenye gereji moja, fundi akatoa filta kabatini kwake, mimi niko kwenye simu. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nikiwasha, injini inagonga sekunde tatu nne ndipo inatulia, na taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima. Wiki mbili nzima nikasingizia baridi. Mwishowe nikaifungua ile filta, nikaikata kwa msumeno wa chuma uani kwangu. Ndani mna mpira mwembamba unaolalia matundu ili oili isirudi chini ukizima gari. Huu ulikuwa mgumu kama kipande cha ndoo; niliukunja ukapasuka. Ile karatasi ya kuchujia, upande mmoja gundi imeachia, kidole cha mwisho kinapita. Yaani oili ilikuwa inazunguka na uchafu wake, nami nimelipia sevisi! Nilifunga yenye namba sahihi kwa 15,000, na asubuhi iliyofuata injini haikugonga tena.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, na FCC (Tume ya Ushindani) wanaisimamia, ila nguvu yake kubwa ni kwa anayeiba jina la mwenzake. Filta isiyo na jina haijamwibia mtu jina. Hapo ndipo nawataka TBS, Shirika la Viwango.

Dereva wa Noah, Kizota:
Mkuu pole, lakini angalia na upande wetu. Napiga Dodoma–Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kwenda tu. Nikienda na kurudi kila siku, siku 10 nimeshafika 3,000 na oili namwaga. Kwa mwezi ni filta tatu. Hiyo 10,000 unayoniongezea mara tatu ni hela ya chakula nyumbani. Na injini yangu inadunda mwaka wa nne sasa. Mkizizuia, mtatuuzia hizohizo kwenye boksi zuri.

Fundi, Chang'ombe:
Mafundi tunalaumiwa kwa yote. Wateja wengine wanaleta filta zao wenyewe, imeandikwa vizuri, lakini si ya gari hilo. Filta inafungwa kwa uzi kama wa skrubu: kuna uzi wa inchi robo tatu, ambayo ni milimita 19.05, na kuna uzi wa milimita 20. Kwa macho hutofautishi. Filta ya 20 ukiipeleka kwenye nguzo ya injini yenye uzi wa 19 inaingia, mpira unabana, unadhani imekaa. Ukifika barabarani presha inaichomoa, oili yote chini. Hiyo nayo TBS watazuia?

Mleta mada:
Fundi, hapo umenifundisha, na ndiyo maana nasisitiza namba. Boksi lisilo na namba linakunyima hata wewe nafasi ya kuhakikisha. Kaka wa Noah, hesabu yako naielewa, sitaki ulale njaa. Lakini valvu ya ndani ikiwa na springi dhaifu inafunguka mapema, oili inapita bila kuchujwa, na kwenye dashibodi hakuna taa ya kukwambia. Hiyo miaka minne nadhani imebebwa na kumwaga oili mapema, filta sidhani.

Dada wa IST, Area D:
Kaka zangu, mimi hata filta inakaa wapi sijui. Fundi akisema hii ni OG, yaani halisi, nitajuaje?

Mleta mada:
Dada, anza na namba, bei baadaye. Filta nyingi za Toyota namba huanzia 90915, za Nissan 15208. Mpe muuza spea namba kamili ya filta ya injini yako. Hata makampuni mengine mazuri huonyesha filta yao inalingana na namba ipi. Kisha simama pale fundi anapofungua. Mpira wa zamani utoke na filta yake, usibaki umenata kwenye injini, maana miwili ikipandana oili itamwagika yote. Mpya aupake oili, akaze kwa mkono: ukishagusa, kwa magari mengi ni kama robo tatu ya mzunguko. Washa, chungulia chini dakika mbili ndipo uondoke. Na boksi ondoka nalo.

Dereva wa Noah, Kizota:
Sawa. Jumapili namwaga oili, na ya kwangu nitaikata. Mpira ukiwa laini na gundi ikiwa imeshika, nitaleta picha hapa tuendelee kubishana.