Macho yote upande mmoja: samaki huyu ni mgonjwa?

Nyar Dunga: Hamjambo. Nauza samaki wa kukaanga hapa Dunga, Kisumu. Ngege, mbuta, mumi, kamongo, hao nawajua hata gizani. Jana shemeji yangu, dereva wa lori, aliniletea samaki wa Mombasa kwenye barafu, na watatu kati yao wamenishinda. Ni bapa kama sahani. Upande mmoja ni wa rangi ya udongo na macho yote mawili yako huko. Wa pili mweupe, hauna jicho. Wawili macho yako kushoto, mmoja kulia. Meno yamenitoboa kidole nikimpara. Mteja wangu wa siku nyingi amesukuma sahani, akasema namlisha samaki mgonjwa. Imeniuma sana. Ni kweli?

Mvuvi Likoni: Pole dada. Huyo ni mzima kabisa. Huku pwani tunamwita gayogayo, wengine wayo, maana amelala kama wayo wa mguu. Akiwa kichanga huogelea wima, jicho moja kila upande, kama ngege wako. Akikua, jicho moja huhama polepole likavuka utosi hadi kwa mwenzake. Hapo ndipo anaposhuka kuishi chini, akilalia ule upande mweupe. Hupepesa mapezi, mchanga ukamfunika, yakabaki macho tu yakichungulia. Nimewahi kumkanyaga maji yakiwa ya magoti. Mchanga ulichomoka ghafla chini ya mguu wangu! Hebu tazama, pezi la mgongoni linaanzia wapi?

Nyar Dunga: Nyuma kabisa ya macho. Vidole viwili vinaenea hapo katikati. Na jicho la juu liko ukingoni, karibu utosini.

Mwalimu, Nakuru: Basi mama, huyo ni Psettodes erumei. Gayogayo wengine pezi lao hufika hadi kichwani. Lake huishia nyuma. Jicho lake nalo halivuki lote, hubaki pale ukingoni. Tena gayogayo wengi kila aina ina upande wake, lakini huyu hutokea wa kushoto na wa kulia, ndiyo maana wako wamechanganyika. Meno hayo ni ya kukamatia samaki wenzake.

Nyar Dunga: Asanteni sana. Nimempasua mmoja sasa hivi: matumbo ni kidogo tu, yamejibana karibu na kichwa, kwingine kote nyama nyeupe tupu. Kesho namkaanga na kichwa chake. Yule mteja akirudi, nitamwonyesha kwa kidole jicho lilikopita.