Ubishi wa Windows, Linux na Mac: tupeane uzoefu, wewe ulikukuta wapi?

Mchokonozi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja lilikuwa limelala tangu michango ya harusi iishe. Oktoba 2025 Microsoft walipositisha huduma kwa Windows 10, mwenzetu mmoja akauliza kistaarabu kabisa: laptop yangu ni mtumba, Windows 11 inaikataa, nifanyeje? Badala ya jibu likaja povu. Wa Linux, ule mfumo endeshi wa bure, akasema tulimwambia siku nyingi. Wa Mac akatuma picha ya tufaha bila neno. Wa Windows akataka aonyeshwe bosi hata mmoja mjini anayetumia Linux. Kufika usiku watu wawili wameshajitoa kwenye kundi, na muuliza swali hajajibiwa.

Nimeshuhudia ubishi huu miaka mingi, na imani yangu ni kwamba kila mtu anatetea kilichomgharimu. Mwenye Mac anatetea hela yake. Mwenye Linux anatetea usiku aliokesha akihangaika na sauti isiyotoka. Mwenye Windows anatetea vidole vyake, ambavyo vimezoea tangu chumba cha kompyuta cha shule na havitaki kufundishwa upya. Ukimwambia mmojawapo kwamba mfumo wake ni mbovu, anasikia umemwita mjinga. Basi inakuwa Simba na Yanga, ila refa hayupo.

Na tusiwasingizie vijana wa leo. Tarehe 29 Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit, Amsterdam, aliandika kwenye kundi la majadiliano la comp.os.minix kwamba Linux imepitwa na wakati. Linux yenyewe ilikuwa na miezi mitano tu tangu itangazwe hapohapo! Mwenye nayo, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 kule Helsinki. Profesa alikuwa na mfumo wake wa Minix, alioutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia, na hoja yake ilikuwa nzito: draiva, mafaili, kumbukumbu, vyote Torvalds amevirundika ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) moja kubwa, wakati elimu ya siku zile ilitaka kerneli ndogo na kazi nyingine zikae nje. Tena akamlaumu kwa kuufunga mfumo wake kwenye prosesa ya Intel 386. Kijana akajibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia, hoja hakuiacha. Profesa akamwambia ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana kwa usanifu ule asingepata alama nzuri.

Nani alishinda? Kerneli ya Linux imo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zinatumia Linux. Lakini mwaka huohuo wa 2017 ikafahamika kwamba Intel wameiweka Minix kwenye kijisehemu cha usimamizi ndani ya chipu zao. Tanenbaum akawaandikia barua ya wazi, akisema ingekuwa uungwana wangemwambia. Kwa hiyo mshabiki wa Windows anayetukana kila kitu cha bure huenda anatembea na kazi ya profesa ndani ya begi.

Sheria ya uzi ni moja: leta kilichokukuta wewe, usilete ulichosoma. Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Tusilete tulichosoma, halafu wewe umetuletea profesa wa Amsterdam. Endeleeni, mimi nipo.

Fundi Spana

Kwanza huyo mwenzenu ajibiwe, maana ni aibu. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijichipu cha usalama), na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache sana. Mitumba mingi inayoshuka Kariakoo ni ya kizazi cha 4 hadi cha 7. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona toleo. Kama imekataa, Microsoft wameweka mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, unaishia Oktoba 2026. Jisajili, utulie, uanze kujichanga taratibu.

Sasa uzoefu. Mimi kazi yangu ni kupiga window, yaani kuweka Windows upya. Mteja anaingia, haulizi mfumo, anasema "fundi, nipigie window", anaacha laptop, anaenda kula. Ubishi nausikia kwenye benchi la kusubiria. Kuna mzee mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, alikuwa hawezi kusikia neno Linux. Alikuwa akisema ni mambo ya wanafunzi wasio na hela ya leseni. (Na window yake mwenyewe ilikuwa na mandhari meusi na yale maandishi ya kwamba nakala si halali, lakini hayo tuyaache.) Siku moja kaja anatetemeka, mashine haiwaki, ndani kuna hesabu za msikiti za mwaka mzima. Nikachomeka flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nikaiwasha kutokea kwenye flashi, diski ikafunguka, nikamtolea mafaili yote mbele ya macho yake. Akaniuliza, "Hii ni Windows gani mbona nzuri hivi?" Nikamwambia ni ya mafundi tu, haiuzwi. Akaridhika, akalipa. Ningemwambia ukweli tungebishana hadi magharibi na hesabu zingechelewa.

Binti Terminali

Mimi niko upande wa Linux, ila yaliyonikuta yalitoka kwa wenzangu wa Linux.

Nilipohama mara ya kwanza, WiFi ilikataa. Nikauliza kwenye kundi la wapenzi wa Linux, nikaeleza vizuri, nikaweka na picha. Jibu la kwanza: kasome mwongozo. La pili: umekosea, ungeanza na Debian (Linux ina matoleo mengi, hilo ni mojawapo). La tatu akamjibu wa pili kwamba Debian ni ya wazee, mtu mwenye akili anatumia Arch, toleo jingine. Wakashikana hapo. Wakaingia kwenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, kitu ambacho hata sikujua kipo kwenye mashine yangu, wakarushiana maneno ya mwaka 2014 Debian walipokubali kuitumia na wengine wakajitenga kwenda kuanzisha Devuan, toleo lao lisilo nayo. Mimi na WiFi yangu tumesahaulika pembeni.

Aliyenisaidia alinifuata inbox, hata jina lake halisi silijui. Akasema: chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, laptop itaiona kama kebo ya mtandao, halafu vuta draiva. Ikakubali palepale. Nikamuuliza kwa nini hukuandika kule kundini? Akasema kule alishaacha kuandika, anasoma tu.

Kerneli Kongwe

Binti, pole. Ugonjwa ule ulitoka juu ukashuka. Torvalds mwenyewe alijulikana kwa barua pepe za kuchana watu hadharani, hadi Septemba 2018 alipoomba radhi, akapumzika kwa muda, na mradi wa kerneli ukapitisha kanuni mpya za maadili. Ila kule juu walau walikuwa wakigombana juu ya msimbo walioandika wenyewe. Hawa waliokufokea hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa hiyo Arch yao.

Mchoraji Luthuli

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi ndiye yule wa Mac mnayemsema, na bei nitaitaja mwenyewe kabla hamjaniuliza: ni ghali. Imeisha hiyo?

Mimi hubuni vifungashio na mabango. Faili langu likifika kwa mpiga chapa, hutaka rangi ziwe za CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji) na liwe limetoka kwenye programu anazozijua, ambazo ni za Adobe. Adobe hawajawahi kuitoa Photoshop kwa Linux. Basi kila nikiandika mtandaoni kwamba natumia Mac, hutokea jamaa na kuniambia "si utumie GIMP", programu ya bure ya kuhariri picha. GIMP nimeitumia, naiheshimu, na kama ningekuwa natengeneza picha za kubaki mtandaoni pekee ningeitumia tena. Lakini anayenishauri hajawahi kusimama kwa mpiga chapa saa nne usiku mabango yametoka na wekundu wa matofali, na mwenye bidhaa anataka wekundu wa damu.

Kilichonishinda ni ubishi wa kwamba Mac ni ya watu wasiojua kompyuta. Fungua terminali ya Mac, chini yake kuna Unix, amri ni zilezile ls na grep anazojivunia wa Linux. Jamaa mmoja nilimwonyesha hivyo, ofisini, kwa macho yake. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Sawa, lakini bado ni ghali." Tumerudi palepale.

Na nyinyi wa Windows msicheke. Mwaka 2012 walipowaondolea kitufe cha Start kwenye Windows 8 mlilia kushinda mtu aliyefiwa, mpaka kikarudishwa kwenye 8.1.

Mswahili wa Isar

Mimi naishi München, Ujerumani, na hapa nimekuwa shahidi wa pande zote mbili bila kuomba.

Kwa wasiojua: mwaka 2003 baraza la mji huu liliamua kuachana na Windows na kuhamia Linux, mradi ukaitwa LiMux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati ule, alikuja mwenyewe kumbembeleza meya, Christian Ude. Ikashindikana. Huyu ndiye Ballmer aliyekuwa ameifananisha Linux na saratani mwaka 2001. Kufikia 2013 kompyuta karibu 15,000 za mji zilikuwa zimehamishwa. Kisha mwaka 2017, chini ya meya mwingine, baraza likapiga kura kurudi Windows.

Sasa nikiingia kwenye ubishi wowote, hata wa Waswahili wenzangu, mtu akijua naishi huku ananikamata. Wa Windows: "Muulizeni huyu, kwao Linux ilishindwa!" Wa Linux: "Muulizeni huyu, Linux ilifanya kazi miaka kumi, siasa ndiyo iliiua!" Nami nilikuwa mtu wa kawaida, napanga foleni kuandikisha makazi. Namba yangu ikiitwa naingia, karani anabonyeza, karatasi inatoka. Foleni ilikuwa ndefu wakati wa Linux na ni ndefu wakati wa Windows. Hakuna niliyewahi kumsikia kwenye vile viti akiuliza karani anatumia nini.

Ukinibana sana nitasema hivi: ukisoma malalamiko ya wafanyakazi wa wakati ule, mengi yalihusu nyaraka za Word na Excel zilizotoka nje na kufunguka zimevurugika, na idara ya kompyuta iliyogawanyika vipandevipande. Kerneli haikuwa na kesi. Lakini jibu kama hilo halimpi mtu ushindi mtandaoni, kwa hiyo hakuna anayelitaka.

Mzee wa Mlimani

Mmenikumbusha mbali. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure. Haikupita muda mrefu Microsoft nao wakaja na kifurushi cha Kiswahili cha Office. Tukagawanyika. Kambi moja ikisema uhuru, msimbo huria, Kiswahili chetu wenyewe. Kambi nyingine ikisema soko la ajira linataka Word, nyie mnawapotosha vijana. Ubishi ulianzia kantini ukamalizikia kwenye barua pepe ndefu zenye nakala kwa watu wasiohusika.

Nilikuwa nikipita chumba cha kompyuta jioni. Wanafunzi wote, wa kambi zote mbili, wameweka menyu kwa Kiingereza.

Siti ya Mbele

Mzee umetuua.

Mama Hesabu

Jamani mimi ni mhasibu, huku nimeingia kwa bahati mbaya, lakini langu ni la nyumbani.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa Linux ndiyo dini yake. Tulikuwa tunabishana kwenye kundi la familia, yeye ananitumia makala, mimi namtumia vicheko. Nikasafiri msibani, laptop nikaiacha. Narudi, nawasha, naona vitu sivijui. Namuuliza shemeji, kulikoni? Ananiambia, "Shem, nimekuokoa, sasa hivi huwezi kupata virusi tena." Kwa haki yake, mafaili aliyahifadhi yote, hakupoteza hata moja, na ni kweli mashine ilikuwa nyepesi. Zile flashi za wateja zinazokuja na folda zimegeuka shotikati zote, nilikuwa nazichomeka bila wasiwasi.

Shida ikaja tarehe za kodi. Fomu ninayojaza ni Excel yenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure aliyoniwekea, ilizigomea. Nabonyeza kitufe cha kuhakiki, kimya. Shemeji akakaa nayo usiku kucha, anaandika amri, anasoma, anawauliza wenzake. Asubuhi akaniambia tatizo ni la waliotengeneza fomu, wangetumia viwango huria. Nikamwambia, shemeji, hoja yako ni nzuri sana, naomba uipeleke wewe mwenyewe pale dirishani pamoja na faini yangu.

Mume wangu ndiye aliyeamua: window ikapigwa upya, na shemeji akakatazwa kugusa kifaa chochote cha humu ndani, hata rimoti.

Fundi Spana

Dada, angekuwekea zote mbili, ukiwasha unachagua. Diski inagawanywa, kila mfumo na upande wake. Ingekuwa amani.

Mama Hesabu

Alilipendekeza hilo baadaye, kaka. Mume wangu akasema nyumba haina nafasi ya wake wawili.

Mchokonozi (mleta uzi)

Na shemeji mwenyewe siku hizi anatumia nini?

Mama Hesabu

Laptop ameiuza. Yuko kwenye simu tu, anabishana na wenye iPhone.