Kampeni za matusi zimenichosha, niende kupiga kura Jumanne?

MkaziLikoni (Jumapili, 7 Agosti 2022)
Salaam wanajukwaa. Kesho kutwa tunapewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wadi sijui nitie alama wapi. Miezi miwili hii sijasikia mgombea akitaja maji wala taka. Mmoja amwita mwenziwe mchawi, mwenziwe asema "wabara waende kwao". Niende au nilale?

Chande_001
Achana na wadi, ndugu. La maana ni urais.

MzeeKivuko
Nilikuwa hapo Likoni, Mombasa, Agosti 1997. Vilitangulia vikaratasi vya kuwataka wabara wahame, kisha kituo cha polisi kikavamiwa. Jirani yangu Mjaluo alivuka feri na watoto na godoro moja. Hakurudi. Miaka 25, maneno yale yale.

MamaRiziki
Hilo la "wabara waende kwao" limo katika orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa Aprili na Tume ya Uwiano na Utangamano. Umeripoti? Na mbona hotuba za mgombea huyo wazijua zote?

MkaziLikoni
Naendesha gari lake la vipaza sauti. 1,500 kwa siku. Lakini maneno si yangu, mimi nashika usukani tu. Karo haingoji.

MamaRiziki
Usukani ndio ulioyafikisha mlangoni kwangu, baba.

Chande_001
Wangu wa 2017 aliahidi mabati, hata msumari sikuuona.

Shahidi_Mtaa
Jamani, hii hadithi imetungwa. Kampeni zilifungwa jana, wadi haitaji, mgombea hamtaji. Huyu katumwa na mpinzani, sasa wanachafuana humu jukwaani.

Chande_001
Kumbe! Nami nimejibu mara mbili.

MkaziLikoni
Sikutumwa. Gari nimelizima tangu jana. Ila usiku nimeletewa mfuko wa vikaratasi, nivipenyeze chini ya milango Jumanne alfajiri. Nusu ya malipo nimeshapokea. Mke wangu ni Mkamba, na mfuko uko chini ya kitanda tunacholalia.

Shahidi_Mtaa
Weka picha tuamini.

MzeeKivuko
Wacha picha. Mwanangu, vimeandikwa nini?

MkaziLikoni
Kama vile vyenu vya 1997, mzee.

MzeeKivuko
Basi kisitoke hata kimoja mtaani. Mwamshe mkeo umwoneshe, kukicha mvipeleke polisi pamoja.

MkaziLikoni
Na pesa nilizokwisha kula?