Ati bodi ISHAUNGUA!! Huyu bwana wa 9600 nani atamzuia jamani

Mwana_Mkokotoni (kaanzisha uzi)

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayevaa multimita shingoni hata akenda harusini. Leo kanivunjia heshima mbele ya watoto wa skuli.

Nimekaa zangu na Uno, ile bodi ya Arduino ya kuprogramu, nimeifunga sensa ya mtikisiko, ile MPU6050, tunataka kujua mashine ya boti ya ami yangu inatikisika vipi ikishika moto. Serial.begin(250000), yaani bodi iongee na laptopu kwa spidi ya biti 250000 kwa sekunde, namba zinashuka safi kabisa. Akapita. Kaangalia. Kacheka kile kicheko chake cha puani. "Hii spidi umeitoa wapi wewe? Spidi ni 9600." Nnafungua mdomo nimueleze, yeye kashaivuta laptopu, kafuta 250000, kaandika 9600, kapakia, na ile monita, dirisha la laptopu linalosoma maneno ya bodi, kaiacha pale pale kwenye 250000!! Sasa yatatoka nini kama si madude, visanduku na alama za kuulizia tupu. Ndo anawageukia watoto: "Mnaona? Bodi ishaungua."

Bodi ISHAUNGUA. Kwa baud, spidi ya kuongea tu. Wallahi kuna mtoto mmoja akanusa.

Hebu nambieni, 9600 ni herufi 960 tu kwa sekunde, maana kila herufi inakula biti 10. Mstari wangu una herufi kama 35, napata mistari 27. Mashine ikizunguka mara 3000 kwa dakika ni mizunguko 50 kila sekunde, hiyo mistari 27 utaona nini? Na bafa ya kutolea kwenye Uno, pale herufi zinaposubiri zamu ya kutoka, ni baiti 64, ikijaa Serial.print inakaa inasubiri na programu nzima inasimama nayo. Ila hayo yote sina haja nayo, mie kinachoniuma ni lile neno. Ishaungua! Na bodi taa inawaka, inamwangalia usoni!

PwejaMkavu
Bodi haijaungua, aliyeungua ni wewe 😂😂

kijana_wa_Michenzani
Huyo huyo aliniambia nisichomoe USB bila ya kumaliza kuhesabu kumi umeme urudi ndani ya waya. Nlikuwa nnahesabu mwaka mzima.

Bi_Solda
Pole kaka. Lakini mbona 250000, si ungeweka 115200 kama watu wote ukapita salama?

Mwana_Mkokotoni
Dada angu, Uno saa yake ya ndani inakwenda megahezi 16. Ukiigawa, 250000 inatoka kamili, kosa sifuri. 115200 inatoka 117647, kosa asilimia 2.1, inafanya kazi lakini imechechemea. 230400 ndo usiiguse, kosa 3.5. Namba inayoonekana ya ajabu ndo iliyonyooka! Nlitaka kumwambia haya haya, saa hiyo yeye anawambia watoto ISHAUNGUA.

PwejaMkavu
Andika polepole shekhe, sie wengine tunakusoma kwa 9600

mzee_wa_GPS
Msiitukane 9600. Kipokezi cha GPS, NEO-6M, kinakuja na 9600 kiwandani na kinakuonesha njia mpaka Chumbe. Mnakimbilia wapi nyie vijana?

Mwana_Mkokotoni
Mzee wangu GPS inatoa habari mara moja kwa sekunde, inatosha, sijakataa! Mie nnasikiliza mashine! Hivi kuna mtu kasoma nilichoandika? KAIACHA MONITA KWENYE 250000.

Wete_Elektroniki
Nyie wa Unguja mna raha, mnagombana spidi. Sie huku Pemba sensa ikipanda boti mpaka ifike Mkoani ushasahau ulikuwa unataka kupima nini.

kijana_wa_Michenzani
Bora wewe. Mie fundi mmoja kaniambia bodi yangu ya WiFi, ESP8266, imekufa, inatema madude, akaichukua kwa bei ya urojo. Kumbe ile ikiwaka inaongea kwanza kwa 74880, ndo ilivyo, kristali yake megahezi 26. Sasa hivi inamuwashia taa za uani kwake na nikipita naziona!!

Bi_Solda
Khaa! Huyo ni mwizi, hata huyo wa multimita ana nafuu.

Mwana_Mkokotoni
Hana nafuu yoyote, msinigeuzie uzi

Wete_Elektroniki
Na hizi Nano, Arduino ndogo za bei rahisi, jee? Unapakia, haipakii, unapakia, haipakii, mpaka uchague bootloader (kile kiprogramu cha ndani kinachopokea unachopakia) ya zamani kwenye menyu ndo inakubali, ile inataka 57600. Muuzaji anajua, hasemi. Anakutazama tu unavolipa.

PwejaMkavu
Nano tena, na waya jee? Nimenunua waya Darajani, unachaji, data haupitishi hata herufi moja. Ndani hamna nyuzi za data kabisa. Spidi yangu mie ni baud SIFURI na sijafungua uzi.

mzee_wa_GPS
Waya mweusi mnene?

PwejaMkavu
Mweupe, una kiboksi cha kijani

mzee_wa_GPS
Huo huo! Hata mie kaniuzia. Ati "orijino babu".

Bi_Solda
Jamani huo wa kijani nnao watatu. Kuna mtu yupo Darajani sasa hivi aniulizie kama anarudisha pesa?

Mwana_Mkokotoni
Watoto WAMECHEKA. Mmoja kauliza tuizike wapi.

kijana_wa_Michenzani
Bi Solda mie nipo hapa karibu lakini kafunga, kenda sala ya Ijumaa. Nnamsubiri hapa mlangoni na huo wa kwangu.

Bi_Solda
Usiondoke, nakuja na risiti